Soksi za Ndani za Mama Thobias

Generoza hakuwa mwongo. Hilo hata Serafina, jirani aliyemchunguza kwa miaka ishirini na mitano, angeliapia mbele ya altare. Ila alikuwa na tabia moja. Akimwona mtu anateleza kuelekea kwenye kosa, hakumsukuma, wala hakumshika mkono. Alisogea kando kidogo tu, akatazama.

Tabia hiyo aliikuza jikoni. Kwa miaka ishirini na miwili aliwapikia mapadre wa misheni pale Ushirombo, na jikoni ni mahali ambapo mtu hujua mengi kuliko anayoulizwa. Palikuwa na padre mgeni aliyetangaza mezani kwamba yeye dagaa hali, hata harufu yake haiwezi. Wiki nzima alikula mchuzi mzito wa Generoza, akafuta sahani kwa mkate. Siku ya kuaga akaingia jikoni kuuliza siri ya utamu ule.

"Dagaa, Padre. Nawasaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Padre."

Ni huko misheni pia alikokutana kwa mara ya kwanza na soksi nene. Bruda Hubati, aliyekuwa fundi wa magari, kila jioni alivua mabuti yake mlangoni, akavaa soksi za sufu, akatembea nazo chumba hadi chumba kimya kama paka. Generoza ndiye aliyezifua. Alikuwa akizianika kwenye kamba huku akiwaambia wenzake, "Njooni muone, mzungu ameivalisha miguu sweta." Wakacheka mpaka mapovu yakawaingia machoni. Wakati ule soksi pale kwetu zilikuwa na wenyewe: wanafunzi wa sekondari, mapadre, na maiti. Mkulima wa kawaida alizivaa mara moja tu, na hakuwa na habari kwamba amezivaa.

Generoza alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano, akarudi nyumbani kwa mumewe Apolinari kulima karanga na mpunga. Mwaka wa 1985 mtoto wao mkubwa, Thobias, alipata bahati kidogo kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Badala ya kuinywa bahati hiyo kama wenzake, aliwaletea wazazi wake mabati na saruji. Nyumba ya udongo ikabomolewa, ikasimama nyumba ya tofali, sakafu imesuguliwa ikang'aa. Watu walikuja kuitazama sakafu ile kama wanaotazama mtoto mchanga.

Ukafika mwezi wa sita.

Kule kwenye nyumba ya zamani, sakafu ya udongo uliosiribwa kwa samadi ilikuwa na huruma. Ilitunza joto la jana mpaka asubuhi. Saruji haikuwa na kumbukumbu hiyo. Alfajiri, Generoza aliposhusha miguu kutoka kitandani, ilikuwa kama kukanyaga tumbo la chura. Baridi ilipanda kwenye nyayo, ikapita magotini, ikaenda kukaa kiunoni kama mgeni asiyetaka kuondoka. Akajaribu kandambili. Zilikuwa na baridi ileile, tena zilipiga kelele. Akajaribu kufunga miguu kwa vipande vya kitenge. Kipande kimoja kikafunguka akiwa na sufuria ya uji, na uji ukaenda kwa kuku.

Hapo ndipo alipomkumbuka Bruda Hubati, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Nataka soksi," akamwambia mumewe. "Nene, za kuvaa humu ndani."

Apolinari alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti, mpiga ngoma wa kwaya ya parokia kwa miaka thelathini. Aliyapokea mambo mapya kama anavyopokewa mgeni aliyekuja na mbwa. "Soksi bila viatu?" akasema. "Ndani ya nyumba? Mwanamke, wewe umekula chumvi ya wazungu muda mrefu, imekuingia kichwani. Mimi nyayo zangu hazijui baridi. Nimezaliwa nazo."

Akavaa katambuga zake za tairi, akapanda baiskeli, akaenda zake. Ilikuwa Jumatano. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kisima beberu la Serafina lilitoka kichakani, likamtazama, likaonekana kutopenda lilichokiona. Likaikumba baiskeli kwa pembe. Apolinari akaruka upande wake, baiskeli upande wake, na mtaro ukampokea yeye.

Aliingia nyumbani akitembea kama mtu aliyemeza mwiko. Generoza alipojua kwamba hakuna mfupa uliovunjika, aligeukia ukutani ili uso wake usionekane.

"Ukimwambia mtu yeyote," Apolinari akasema akiwa amelala kifudifudi, "ukimwambia mtu hata mmoja kwamba nimeangushwa na mbuzi, tena mbuzi wa yule mwanamke, hatutaelewana mpaka kaburini. Asiitwe mtu. Asiambiwe mtu."

"Sitasema," Generoza akaahidi. Na akiahidi, ameahidi.

Alhamisi Apolinari hakwenda mazoezi ya kwaya. Ijumaa pia hakwenda. Ijumaa hiyohiyo walikwaruzana kuhusu chumvi kwenye mboga, akanuna, akaacha kabisa kumsemesha mkewe. Jumamosi asubuhi Generoza akamkanda kwa maji ya moto, akamfuta mwili mzima kwa kitambaa, akamgeuza upande wa kulia, akamfunika shuka. Kisha akachukua kikapu akaenda gulioni.

Ile ilikuwa miaka ambayo nguo za mitumba zilikuwa zimeanza kumiminika baada ya ule uhaba mrefu wa kila kitu. Watu walikuwa bado wakiziita kafaulaya, wakiamini kwamba mwenye nguo amekufa huko kwao, ndugu zake wakaitupa. Imani hiyo haikumzuia mtu kununua. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kagongwa, Maganga, alikuwa akija kila gulio na robota lake juu ya gari la mizigo. Alitandika turubai chini, akamwaga makoti huku, mashati kule, na pembeni kilima kidogo cha soksi.

Generoza akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu, akaanza.

Hakuchagua kama watu wengine. Alivuta mdomo wa kila soksi kuona kama mpira wake bado una nguvu. Aliingiza ngumi ndani, akaiinua juani, akakagua kisigino kama anayetafuta wadudu kwenye mchele. Akaigeuza ndani nje, akaisugua shavuni, halafu akainusa. Soksi za shule akaziweka kando, hizo zilikuwa nyepesi kama ahadi. Za nailoni ziling'aa vizuri, lakini ukizivuta zinashika vinyweleo na kutoa cheche. Akapata za mpira wa miguu, ndefu mpaka pajani, akazitazama kwa tamaa kisha akajisemea kwamba Apolinari angekufa kwa kicheko. Akapata za sufu halisi, akazivaa, akazivua upesi, maana ziliwasha kama upupu. Akapata moja nzuri mno, ya bluu, laini kama sikio la ndama. Akaitafutia mwenzake nusu saa nzima. Haikuwa na mwenzake. Mwenye mguu mmoja alikuwa amekufa huko Ulaya.

"Mayu," Maganga akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "unachagua soksi au unachagua mkwe?"

"Mume nilichaguliwa na baba yangu kwa siku moja," Generoza akajibu bila kuinua kichwa, "na sikuulizwa. Soksi nachagua mwenyewe. Subiri."

Ndipo Serafina alipotokea, amebeba ungo wa nyanya. Akasimama. Akaona jirani yake amekaa chini, amezungukwa na soksi, macho yamekuwa mekundu kwa vumbi la mitumba.

"Mwangaluka, Mama Thobias."

"Mwangaluka, Mama Esta."

"Unatafuta soksi?"

"Natafuta. Nyeupe zingenifaa, zinaonyesha kama ni safi. Lakini ziwe nene."

"Za kwendea wapi?"

"Haziendi popote. Hizi ni za ndani. Hazitakanyaga barabara."

Serafina akautua ungo taratibu. "Na mzee?" akauliza kwa sauti iliyoshuka. "Kwenye kwaya hatukumwona."

Generoza akaikumbuka ahadi yake. "Mzee amelala," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na hajaamka?"

"Hajaamka. Leo asubuhi nimemwosha, nikamgeuza upande wa kulia, nikamfunika shuka."

"Peke yako?" Serafina akashika mdomo. "Mbona hamkutuita?"

"Alisema asiitwe mtu. Hayo ndiyo maneno yake, na tangu jana hajasema neno jingine."

Ilikuwa kweli tupu, kila neno. Na ni hapo tu, alipoona machozi yameanza kujaa machoni mwa Serafina, Generoza alipotambua mwenzake amekwisha fika wapi. Mdomo wake ukafunguka ili useme, "Hapana, dada, sivyo." Lakini akaliona kwa mawazo lile beberu. Akamwona Apolinari hewani, juu ya mtaro. Kama angeanza kueleza, angelazimika kueleza yote, na ahadi ni ahadi. Kitu kikamtekenya chini ya mbavu. Akaufunga mdomo, akasogea kando kidogo.

"Mungu ametoa," Serafina akanong'ona.

"Mungu hutoa," Generoza akakubali. Nani atakataa hilo?

Serafina akaondoka mbio akiusahau ungo wake. Maganga, aliyesikia yote, akavua kofia. Akaingiza mkono chini ya kiti cha gari, akatoa mfuko. Ndani mlikuwa na jozi moja aliyokuwa amemwekea bwana shamba: soksi nene, rangi ya maziwa ya jana, ndani zimefumwa kwa manyoya mafupi laini kama mgongo wa kifaranga.

"Chukua hizi, mayu. Mtu mzima asitiriwe vizuri."

Generoza akaingiza mkono ndani ya moja. Vidole vyake vikapata joto papo hapo, hata akafumba macho. Akauliza bei, akalipa bei yake kamili, maana alijua kupokea bure hapo kungekuwa wizi. Akaziweka kifuani ndani ya khanga, si kikapuni.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia zahanati kuomba dawa ya kuchua mgongo, akakuta foleni ndefu, akakaa. Na habari, kama kawaida yake, haikukaa foleni.

Apolinari alikuwa bado amelala upande wa kulia aliposikia kilio. Kilianza mbali, upande wa gulio, sauti moja ya mwanamke, kisha tatu, kisha nyingi. Kikawa kinakuja. Akainua kichwa. Nani amekufa? Kilio kikapita kwa jirani yao Masele, kikakata kona ya kisima, kikashika njia ya nyumbani kwake. Apolinari akahesabu watu wa nyumba hiyo. Walikuwa wawili tu. Mmoja ni yeye, na yeye yumo humu, mgongo unamuuma. Mwingine alikwenda gulioni asubuhi.

Akajaribu kuinuka, mgongo ukamrudisha chini.

Nje wanawake wakaingia uani mikono kichwani, wanaume nyuma yao wamebeba kuni, unga na jogoo wawili. Masele, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akasimama mbele ya mlango, akavua kofia, akakohoa ili aanze sala. Hapo ndipo kutoka ndani ya nyumba, ndani ya chumba cha marehemu, ilipotoka sauti nzito:

"Generozaaa! Mke wangu weee! Umeniacha na nani?"

Sala ikamfia Masele kooni. Mwenye jogoo akawaachia wote wawili. Serafina akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Nusu ya waombolezaji walikuwa wamekwisha fika barabarani, na waliobaki walibaki kwa sababu miguu ilikataa kuwachukua.

Generoza alifika wakati huohuo kwa njia ya nyuma, ya shambani, akiwa na chupa ya dawa mkononi. Alikuwa amejitayarisha kwa aibu. Hakuwa amejitayarisha kwa alichokisikia. Akasimama nyuma ya ua wa jiko, kwenye mabua.

"Nilikununia kwa sababu ya chumvi!" Apolinari alikuwa akilia, na sauti yake ya kwaya ilitikisa mabati. "Chumvi! Na ilikuwa imetosha! Ilikuwa imetosha, Generoza, nilisema tu! Nani atanipikia kama wewe? Nani atanicheka? Ulitaka soksi, kitu kidogo, soksi tu, nikakukatalia. Afadhali ningekununulia kumi! Miaka thelathini na minane sijakwambia neno zuri, nilidhani unajua!"

Generoza akashika bua moja la ua kwa nguvu. Miaka thelathini na minane alikuwa akisogea kando na kuwatazama watu wakiteleza, na sasa alikuwa ameteleza yeye. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Lakini ukweli usemwe wote: hakutoka mara moja. Alisubiri kidogo asikie kama kuna zaidi.

Palikuwa na zaidi. Apolinari akasifu mikono yake, akasifu ugali wake, akasifu hata ulimi wake. Alipofika kwenye ule mwendo wake wa usichana siku walipokutana kwenye sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Generoza akaona kwamba mbele za watu inatosha. Akapita uani, akaingia ndani.

"Nipo," akasema. "Geuka nikuchue."

Kilichofuata kila mtu husimulia kwa namna yake. Wapo wanaosema Apolinari alimkumbatia, wapo wanaosema alimrushia mto. Vyote viwili vilitokea, na mto ulitangulia. Kisha akatoka nje akijikongoja, mkono kiunoni, shuka begani, kuwauliza watu wale wote wanataka nini kwake.

"Tulikuja kukuzika," Masele akasema kwa unyonge.

Serafina akawa amepata nguvu za kusimama. "Mama Thobias!" akapiga kelele. "Ulisema amelala!"

"Alikuwa amelala."

"Ulisema umemwosha!"

"Mnuse."

"Ulisema maneno yake ya mwisho—"

"Nilisema tangu jana hajasema neno jingine. Alikuwa amenuna. Hukuniuliza kama yu hai, Mama Esta."

"Na mtu mzima analalaje siku tatu mchana kutwa?" Serafina akamgeukia Apolinari. "Una nini wewe?"

Apolinari, kwa hasira, akasahau siri ilikuwa ya nani. "Ni lile shetani lako lenye ndevu!" akanguruma. "Beberu lako limenitupa mtaroni!"

Kisha mtu mmoja nyuma akatoa sauti kama chupa inayozibuliwa, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Mwenyekiti Masele alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Hata waliokimbilia barabarani walirudi kuuliza kilichosemwa, wakaelezwa, wakaanza upya.

Masele alipopata pumzi akakaa kwenye kigoda, akahukumu hapohapo. Unga wa msiba ukishatoka nyumbani haurudi nyumbani, akasema, ni mkosi. Basi upikwe. Apike Generoza, peke yake, kwa watu wote, mpaka mwisho. Na Serafina alifunge beberu lake. Generoza akainama kwa adabu, akaenda kuwakimbiza wale jogoo.

Alipika mchana ule wote. Mikono yake ilikumbuka misheni. Watu walikula, wakasifia mchuzi, na wachache wenye kumbukumbu wakauliza kwanza umetiwa nini. Baada ya kula, Masele akataka kuziona hizo soksi zilizotaka kumuua mtu. Generoza akazitoa kifuani. Zikapita mkono kwa mkono kuzunguka ua mzima. Kila mwanamke aliingiza vidole, akampa mwenzake kwa kusitasita. Zilipomfikia Serafina hazikuendelea. Alikaa nazo mapajani muda mrefu, mkono mmoja ndani.

"Zina joto," akasema hatimaye, kama mtu aliyelazimishwa kutoa ushahidi.

"Nitakufundisha kuchagua," Generoza akamwambia. "Anza na kisigino."

Jumapili alfajiri Generoza akashusha miguu chini, akapapasa kwenye stuli alikoziweka. Hazikuwapo. Kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Akatembea kwa ncha za vidole juu ya saruji, baridi ikimuuma, mpaka sebuleni. Apolinari alikuwa amesimama katikati ya sakafu yake inayong'aa, amevaa kaptula, na miguuni soksi nene za rangi ya maziwa zimevutwa mpaka katikati ya mashavu ya miguu. Alikuwa akiteleza. Anasukuma mguu wa kulia mbele taratibu, halafu wa kushoto, kimya kama paka, uso umejaa amani.

Akamwona mkewe. Akasimama.

"Nilikuwa nazipasha moto," akasema, "ili ukiamka uzikute tayari."

Generoza akaitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine. Angeweza kumwuliza maswali mengi. Akasogea kando kidogo, akaegemea mlango.

"Endelea," akasema. "Bado hazijapata moto."